Pumzi ya Landrova

Wiki jana fundi mmoja pale Bomet aliniomba nimkanyagie breki huku yeye akiwa chini ya gari yangu. "Usiachie kabla sijasema, mama," alisema. "Hewa itarudi ndani."

Maneno hayo yalinirudisha kwenye alasiri moja nilipokuwa na miaka saba. Baba alikuwa amelala chini ya Landrova yetu kuukuu, na harufu ya mafuta ya breki ilichanganyika na ya majani chai mabichi yaliyojaa nyuma. Nilikaa ukingoni mwa kiti ili mguu ufike kwenye breki.

"Chebet, kanyaga. Shikilia. Haya, achia."

Nikamuuliza tunafanya nini.

"Tunatoa hewa yote. Breki haitaki hewa."

Babu alikuwa amefia hospitalini Kapkatet majuzi tu, na watu wazima walisema alikosa hewa. Sasa nikasikia Landrova nayo ikitoa pumzi kwa shida, vipovu vikilia chini, nikaihurumia. Basi mara ya mwisho niliachia kabla Baba hajasema, ili ivute hewa kidogo.

"Umeshikilia?"

"Ndiyo, Baba."

Akatoka, akapangusa mikono, akaniita fundi wake. Lori la kukusanya majani chai lilikuwa karibu kuondoka kituoni, kwa hiyo hakuijaribu breki. Aliteremka moja kwa moja na mlima wa kwenda Kiptere.

Kwenye matanga yake watu walisema gari ilikuwa imezeeka. Niliamini hivyo hadi wiki jana.

"Achia, mama," fundi aliniambia. Akarudia mara tatu. Mguu ulikataa.