Majimbo Hamsini Kwenye Uwanja wa Pamba

Saa mbili na robo asubuhi sista aliyekuwa akisaili alifungua mlango wa darasa, akamwita msichana wetu ndani. Mimi nilibaki nje kwenye benchi, kando ya dirisha lisilo na kioo. Baba yake aliketi karibu yangu, amepakata sanduku jipya la bati. Nilikuwa nimemshauri aliache nyumbani.

"Na wakimpokea leo leo, Bwana Stoo?" alinijibu. "Nirudi Samuye kufuata sanduku?"

Jua lilikuwa nyuma yetu, likipita juu ya mabega yetu na kuingia darasani kupitia dirisha lile.

Bwana Stoo ni jina nililopewa mgodini Geita. Nilikuwa mtunza stoo, na Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kusoma maandishi ya kwenye makasha ya vipuri, kisha magazeti yaliyofungiwa vipuri hivyo. Baba wa msichana aliendesha winchi ya kuwashusha na kuwapandisha wachimbaji shimoni. Mgodi ulipofungwa tulipewa kiinua mgongo, tukaondoka. Yeye alirudi kwao Samuye na mimi nikafungua duka dogo Tinde, kando ya barabara. Yeye alipata shilingi mia sita. Hakununua ng'ombe, jambo lililowashangaza ndugu zake. Alisema fedha ile ni ya shule ya binti yake.

Serikali haikumchagua binti huyo kwenda sekondari. Shule iliyobaki ni hii ya masista, iliyopokea wasichana wa kulipa karo baada ya kuwasaili. Masista wenyewe walitoka Marekani. Aidha, bibi yake alikuwa ameshapokea wageni kutoka Ushirombo, na wageni wale hawakuja kusalimia tu. Idadi ya ng'ombe wa mahari ilikuwa imeshatajwa. Baba alimjibu bibi huyo, mama yake mzazi, "Akipata shule, hao ng'ombe wasubiri. Akikosa, sitakuwa na neno."

Kila mtu pale nyumbani, pamoja na msichana, alilisikia jibu hilo.

Habari ya majimbo ililetwa na katekista mmoja. Alisema mwaka uliopita wasichana walionyeshwa ramani ya Marekani, wakaulizwa mito na majimbo, na walioshindwa walirudishwa. Baba akaja dukani kwangu. "Wewe una kitabu," akasema.

Kitabu nilikuwa nacho kweli. Nilikinunua klabu ya mgodi ilipouza vitu vyake, pamoja na sufuria mbili na taa. Kilikuwa kitabu cha jiografia ya Marekani, lakini kurasa za ramani zilikuwa zimechanwa zamani, nadhani ili kupamba ukuta wa mtu. Maelezo yalibaki. Kila jimbo liliandikiwa jirani zake: Kansas, kaskazini yake Nebraska, kusini Oklahoma, mashariki Missouri, magharibi Colorado. Nikaona hiyo inatosha. Mtu akijua jirani wa kila nyumba, amekijua kijiji.

Tulitumia uwanja ambao baba yake alianikia pamba. Ulikuwa mtupu msimu ule. Nilianza na Kansas katikati, nikaweka gunzi la hindi, kisha nikaendelea nje kwa kufuata maelezo. Palipokosewa nilirudia. Mara mbili Tennessee ilikosa pa kukaa, maana ina jirani wengi kupita kiasi. Tulipomaliza tulikuwa na magunzi arobaini na manane yaliyopangwa vizuri, na vigae viwili mbali kwa ajili ya Alaska na Hawaii.

Jioni walikuja pia wadogo zake na watoto wa jirani, kwa hiyo tukayaacha magunzi, watoto wenyewe wakawa majimbo. Watoto hawakutosha majimbo yote, ikabidi tufundishe upande mmoja wa nchi kila jioni. Nilitumia maneno yao wenyewe ya pande, kwa sababu mtoto wa Kisukuma hahitaji kufikiri akitajiwa hayo: sukuma ni kaskazini, dakama kusini, kiya mashariki, ng'weli magharibi. Huyasema hata ndani ya nyumba. Atakwambia sogeza kigoda upande wa kiya, na kila mtu anajua ni wapi.

"Kansas, nani anakaa upande wako wa kiya?"

"Missouri."

"Mpigie hodi."

"Hodi, Missouri."

"Karibu, lakini hatujapika."

Wavulana waligombania Texas kwa sababu kitabu kilisema ina ng'ombe wengi. Aliyeipata alimtazama mdogo wake na kumwambia, "Wewe Rhode Island, kwako hata mbuzi hapati pa kugeukia." Mtoto wa Hawaii alisimamishwa nyuma ya zizi la mbuzi, akalalamika kila jioni kwamba hasikii chochote.

Msichana hakucheza sana. Alizunguka kati yao akitaja. Ilifika siku nikamfunga macho kwa kanga, nikamzungusha, nikamsimamisha bila kumwambia ni wapi. Alitafuta joto la jua kwa uso, akasema kiya ni huku, akauliza nani yuko jirani yake, kisha akayataja majimbo yote kwa kuyanyooshea kidole moja moja. Hakukosea hata moja. Baba yake alikuwa amekaa kizingitini. Kesho yake alikwenda Shinyanga kununua sanduku.

Sasa, pale kwa masista, nilimwona kupitia dirisha. Ramani ilikuwa imetundikwa ukutani, kubwa, yenye mipaka bila majina. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona umbo la nchi ile, na nilifurahi kuona kwamba magunzi yetu hayakuwa mbali na ukweli. Sista, mama mtu mzima aliyesema Kiswahili cha polepole, alimpa fimbo nyembamba.

"Nionyeshe majimbo ya pwani ya mashariki."

Msichana alitazama dirishani, nilipokuwa nimekaa. Nilidhani ananitafuta mimi. Kisha akaenda upande wa kushoto wa ramani, akaweka fimbo juu kabisa na kuanza kushuka. "Maine. New Hampshire. Massachusetts."

Alikuwa kwenye pwani ya magharibi, ya California. Nilitambua hapo hapo, nikashika ukingo wa dirisha. Majina yalikuwa sahihi na kwa mpangilio sahihi, lakini pwani ile ya kushoto ina majimbo matatu tu, na yeye alikuwa na majina kumi na manne ya kuweka. Nilimwona akisita. Aliitazama ile mipaka mipana, akaendelea kwa sauti ndogo, akiyabana majina yaliyobaki katika nafasi ambayo haikuyatosha.

"Tulia kidogo," sista akasema. "Mashariki ni wapi?"

Akanyoosha fimbo kuelekea dirishani, kwenye jua.

"Sikuulizi nje. Nauliza kwenye ramani."

"Ndiyo, Sista. Ni huko."

Alimpa nafasi nyingine, lazima niseme hivyo. Alimwuliza California. Msichana alikwenda kulia, akaweka fimbo baharini karibu na Virginia, akatafuta jimbo kubwa na hakuliona. Sista akamshukuru. Baba, ambaye hakuweza kuona ndani kutoka alipokaa, aliniuliza, "Anajibu?"

"Anajibu," nikasema.

Baada ya wote kumaliza niliomba kusema na sista. Nilimweleza kwamba ramani yake iko kwenye ukuta wa dakama, kwa hiyo anayeitazama jua linamtokea kushoto, na mtoto amefundishwa chini, juu ya ardhi, kwa kufuata jua. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Akasema, "Baba, wasichana wote wametazama ukuta huo huo." Hilo lilikuwa kweli.

Tulirudi juu ya lori la mbegu za pamba. Msichana alikaa juu ya sanduku lake. Tulipokaribia Tinde aliniuliza, "Mjomba, kwani kwao jua linatoka wapi?"

"Linatoka mashariki, kama kwetu."

"Basi nilionyesha."

Wiki ile nilikwenda kwenye shule yake ya msingi nikaomba kuona darasa. Ramani ya Tanzania ilikuwa kwenye ukuta wa kaskazini. Aliyeitazama alikuwa na mashariki ya ramani mkono wa kulia na jua la asubuhi mkono wa kulia, kwa hiyo miaka yote ile hakuna kilichowahi kumpinga. Nilimweleza baba yake haya uwanjani, nikitumia mkeka kama ukuta. Alielewa haraka. Mtu wa winchi anajua juu na chini.

"Kwa hiyo wangeitundika upande mwingine angepita?"

"Pengine."

"Pengine," akarudia. Akaukunja mkeka, akaurudisha ndani.

Majina ya waliochukuliwa yalisomwa kanisani, na lake halikuwamo. Bibi alituma ujumbe Ushirombo. Baba hakuwa na neno, kama alivyoahidi. Fedha ya karo hakutaka kuiona ndani ya nyumba. Aliichukua akaenda nayo Geita, akaingia ubia na wenzake wa zamani waliokuwa wakichimba duara, shimo la dhahabu la kuchimba kwa mikono, porini karibu na mgodi uliofungwa. Walitoa mawe na maji. Mvua ziliposhika duara lilijifukia. Hakuna aliyekufa, na hakuna aliyepata kitu. Alirudi kwa miguu kutoka mahali ambapo nauli ilimwishia.

Wakati huo wageni walikuwa wameshaleta ng'ombe. Siku ya kumfungia msichana mizigo, bibi alilitoa sanduku la bati, akalipangusa, akasema angalau aende nalo, bibi harusi mwenye sanduku huheshimiwa. Msichana alilitazama.

"Hilo si la huko," akasema. "Liuzeni."

Vitu vyake vilifungwa katika kanga mbili. Mimi ndiye niliyeliweka sanduku dukani, likakaa hadi mfanyabiashara mmoja wa samaki wakavu alipolitaka. Nilimpelekea baba fedha yake Samuye, nikamkuta akianika pamba ya mwaka ule pale pale uwanjani. Katika shilingi mia sita za mgodini, zilizookoka zilikuwa hizo kumi na nane za sanduku.