Mafunjo Nyuma ya Ulimi wa Mchanga

Nani alikwambia ramani haisemi uongo? Javan Mirumbe naye aliamini hivyo mpaka Juni 1998, alipotembea ufuo wa Homa Bay na picha ya setilaiti mkononi, akikagua kama rangi zilizoonekana kutoka juu zinalingana na vitu vilivyopo chini. Nyekundu ni mimea, nyeusi ni maji. Yeye mwenyewe hakuwa akihisi kitu. Tangu amzike baba yake huko Migori wakati wa Pasaka, alikuwa anatembea, anaandika, anakula, analala. Basi.

Picha ilikuwa ya miaka minne nyuma. Ilionyesha ulimi mrefu wa mchanga ukikinga ghuba ndogo. Upande wa nje mawimbi yalipiga ufuo mtupu, hakuna kilichoota. Nyuma ya ulimi maji yalitulia, tope likatua, na mafunjo yakajaza ghuba nzima. Humo Damaris Achieng alikuwa amekata mafunjo ya kusukia mikeka kwa miaka ishirini na miwili.

Sasa wakubwa ambao hawajawahi kulowesha soksi walikuwa wameamua: kibali cha kukata ni kwa mafunjo yaliyoota ardhini tu. Yanayoelea hayana mwenyewe. Na bila kibali, ukikata, unakamatwa. Javan ndiye aliyetumwa kujaza fomu: yameota au yanaelea.

"Wewe Mkuria wa ng'ombe," Damaris alimtania, "maji utayajulia wapi?"

"Kwani ng'ombe hawanywi maji, Mama?"

"Basi kunywa uende zako. Lakini andika kwanza."

Javan akaingia katikati ya mabua. Akafanya alivyofundishwa na baba yake, kama wachungaji wafanyavyo kabla ya kuvusha ng'ombe kwenye kinamasi: akapiga kisigino chini mara moja, akatulia, akatazama. Mabua yaliyokuwa hatua kumi mbele yake yakatikisika. Akapiga tena. Yakatikisika tena. Chini yake hapakuwa na ardhi.

"Mama, ule ulimi wa mchanga uko wapi?"

"Mvua za El Niño ziliukata. Ziwa likapanda." Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

"Na mizizi?"

"Ilipanda na ziwa. Nyathina, mwanangu, umeshaona mwenyewe. Unaniuliza ya nini? Andika."

Alijua anachotakiwa kuandika. Alijua pia kwamba mama huyu hana shamba lingine. Akafungua fomu, akaandika: *Yameota ardhini.* Alingoja aone haya, au walau afurahi. Hakikuja chochote.

"Erokamano," Damaris akamshukuru, bila kutabasamu.

Asubuhi iliyofuata Javan alirudi kumpa nakala yake. Upepo wa nchi kavu ulikuwa ukivuma tangu alfajiri. Ghuba ilikuwa maji matupu. Mafunjo yote, kijani kibichi, yalikuwa yamefika mbali ziwani yakienda polepole kama kisiwa, na juu yake matita aliyoyakata Damaris jana. Wavuvi wawili walipiga makasia kwa nguvu kuyapisha.

Damaris alikuwa amesimama majini, yamemfika magotini. Akaipokea karatasi, akaisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaitia kifuani. Kisha akashika panga lake, akaanza kutembea kuyafuata, maji yakimpanda kiunoni, yakampanda kifuani, mpaka mmoja wa wale wavuvi akageuza mtumbwi, akamshika mkono.