Jangwa la Sebuleni

Majirani walimwita Kichaka, naye aliitika. Alikuwa amestaafu ofisi ya upandaji miti, alikokaa miaka thelathini akiandika ripoti za misitu ambayo hakuna ndege aliyewahi kutua humo. Sasa, uzeeni, alikuwa anapanda kwelikweli: vichaka vya jangwani vya urefu wa kidole gumba, kwa ajili ya mfamasia na daktari wa meno waliokuja kila Jumamosi kupigana vita vya mchezo mezani kwake, wakiwa na askari wa plastiki na hasira za watu wazima.

Shina alilisokota kwa waya wa umeme uliochunwa, akalipaka gundi na kulinyunyizia mchanga. Majani yalikuwa sponji iliyochanwachanwa na kuchovywa kwenye rangi ya kijani iliyofifia, "maana jangwani," alisema, "kijani kibichi ni uongo." Nyasi kavu alizing'oa kwenye kizulia cha mlangoni. Mkewe alikiona kizulia kikiota kipara, akanyamaza. Siku alipokuta mchanga kwenye chujio jikoni, hakunyamaza.

"Baba, hili ni chujio la chai au machimbo?"

"Machimbo ya muda tu, mama."

Siku moja akaja mkurugenzi wa ofisi, aliyekuwa karani wake zamani.

"Shikamoo, bosi wangu."

"Marahaba. Karibu, ila usije ukakanyaga msitu."

Mkurugenzi aliinama mezani, akapiga picha kwa karibu sana, hata ukingo wa meza usionekane. Akasifu, akanywa chai, akaaga.

Wiki tatu baadaye ripoti ya ofisi ikatoka. Kwenye jalada vilikuwapo vichaka vya Kichaka, na chini yake: "Hekta mia nne za jangwa zimerudishiwa uhai." Mkewe alicheka hadi akakaa chini. Kichaka naye alicheka, mpaka alipofungua ukurasa wa pili. Sentensi zote alizijua. Zilikuwa zake mwenyewe, za miaka kumi na mitano nyuma, zimenakiliwa pamoja na makosa yake ya tahajia. Kicheko kikamkauka.

Kisha wafadhili wakataka kuja kuiona hiyo misitu. Mkurugenzi alifika mbio, jasho linamtiririka.

"Mzee wangu, niokoe. Wewe wanakuheshimu. Waambie mvua imekata barabara."

"Barabara ya kuja sebuleni kwangu?"

Siku ya mkutano, Kichaka alivaa suti aliyoivaa siku alipoagwa kazini, akaingia amebeba lile jangwa juu ya ubao, akaliweka mbele ya mama aliyewaongoza wageni.

"Hizi ndizo hekta mia nne," alisema. "Na maneno ya ripoti niliyaandika mimi, zamani. Yalikuwa uongo hata wakati huo."

Yule mama alivua miwani, akavitazama vichaka kimoja kimoja.

"Vimesalimika vingapi?"

"Vyote, isipokuwa kimoja. Paka alikikalia."

"Hii ndiyo takwimu ya kwanza ninayoiamini mwaka huu."

Mradi ulisimamishwa miezi mitatu, kisha ukafufuliwa kwa jina jipya, chini ya mkurugenzi yuleyule, safari hii akiwa na gari kubwa zaidi. Ila yule mama alishikilia kwamba mkaguzi awe Kichaka. Basi kila mwisho wa mwezi huvaa kofia, akaenda jangwani kwenyewe kuhesabu miche iliyo hai, akiigusa mmoja mmoja.

Mwezi wa kwanza aliikuta kumi na mmoja. Mkurugenzi alimsihi aongeze sifuri mbili tu, kwani hazina hata uzito.

Akaandika kumi na mmoja.