Mashine Iliyosingiziwa Ulevi

Miaka tisa Eulogia Choque alibeba jina ambalo si lake. Hata sokoni Oruro, nchini Bolivia, wauza viazi walimpokea kwa kicheko: "Huyoo, aliyelewesha kompyuta!" Na aliyempaka matope si adui. Ni Rolando, kompadre wake: Eulogia ndiye aliyemshika binti wa Rolando siku ya ubatizo, na tangu hapo wakaitana kompadre na komadre.

Eulogia alikuwa msafishaji wa kliniki ya wachimba madini. Picha za mapafu ya wachimbaji zilitunzwa kwenye mashine tatu zilizounganishwa, fundi wa mashine hizo akiwa Rolando. Miaka tisa iliyopita, Jumanne ya kanivali, saa sita mchana, Eulogia akanyunyiza pombe mlangoni pa chumba cha mashine, kama kila mtu siku hiyo anavyokinyunyizia kinachomlisha, kukishukuru. Kesho yake mashine ya pili ikagoma kuwaka.

"Komadre kaimwagia pombe," Rolando akamwambia daktari, macho makavu.

Daktari akamhamishia Eulogia kwenye usafi wa vyoo.

Mwaka huu mashine ileile ikagoma tena. Rolando akataka ifutwe yote. Nayra, injinia mpya, akamkatalia.

"Kilichooza ni kichwa, mzee, mfumo unaoiendesha; tumbo ni zima. Diski za picha usiziguse!"

Akaziamuru zile mashine mbili nyingine zisubiri, zisianze kugawana mzigo wa mwenzao. Akaweka mfumo mpya kwenye diski ndogo, akazirudisha diski za picha kama zilivyokuwa. Mashine ikaamka, haikupotea hata picha moja.

Akitafuta ugonjwa wa zamani, akasoma kumbukumbu ambazo mashine hujiandikia zenyewe. Akaita watu wote.

"Ile Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, Rolando anaanza kubadilisha mfumo. Saa tano kasorobo, kabla haujaisha, anaizima mashine. Zile mbili zimeandika: mwenzetu hayupo. Bibi, wewe ulinyunyiza saa ngapi?"

"Saa sita, kengele ya kanisa inalia."

"Basi ulimnyunyizia maiti."

Rolando akajichekesha. "Nilikuwa nawahi ngoma, komadre. Si mambo ya zamani hayo?"

"Zamani yako, kwangu ni kila asubuhi. Umekula mkate wangu Krismasi tisa, ukitoka unanicheka. Binti yako ni wangu mpaka nife. Wewe, ukome kuniita komadre. Niite Bi Choque, kama wapita njia."

Daktari akaanza, "Bi Choque, na mimi naomba..."

"Ngoja. Zamu yako inakuja."