Shingo Iliyokataa Kuinama

Baba yangu mdogo ndiye aliyeamuru kaka yangu afungiwe. Namtaja kwanza, msomaji asije akaipoteza hasira yake kwa mtu mwingine.

Kaka alikuwa mkata miraa kule Kangeta, tena wa miti yake mwenyewe, urithi wa baba yetu. Kichwa kilimuuma kwa wiki nyingi, homa ikawa haimwachi, kisha akaanza kuongea na watu wasiokuwepo. Kwetu, mtu wa miraa akipayuka hakuna anayeuliza mara mbili.

"Imemzidi tu," baba mdogo akasema. "Fungeni mlango. Akikaa bila kutafuna, itamtoka."

Nilitoka Timau, kwenye kazi ya maua, nikakuta kufuli. Ndani, kaka alikuwa amejikojolea, na nilipojaribu kumwinua anywe maji, shingo yake haikupinda. Kichwa na mabega vilikuja pamoja kama ubao. Miraa gani hiyo inayokakamaza shingo?

Hospitalini daktari aliuliza kuhusu dawa za ukimwi. Kaka alikuwa ameziacha kimyakimya. Daktari akasema anashuku TB ya ubongo, na lazima atoe maji ya uti wa mgongo kwa sindano yapimwe. Baba mdogo, aliyetufuata kwa pikipiki, akasimama mbele ya kitanda.

"Wakitoa hayo maji, utarudi na maiti."

"Basi nitaizika mimi," nikamwambia, nikatia sahihi.

Majibu yalichelewa, daktari hakuyangoja. Alimwanzishia dawa za TB pamoja na za kupunguza uvimbe, na zile za ukimwi akazisogeza mbele wiki kadhaa, kwa kuwa kinga ikiamka ghafla ubongo huweza kuvimba zaidi. Akili ya kaka ilirudi. Macho hayakurudi. "Mngemleta mapema," daktari alisema akinitazama mimi, na hilo pia sijalisamehe.

Tuliporudi nyumbani, baba mdogo alileta kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Kwetu hivyo ndivyo mkosaji anavyoomba msamaha; ukikipokea, yameisha. Akaomba sala ndefu, akamshukuru Mungu kwa uponyaji. Nilitamani kumpiga nacho.

Kaka alinyoosha mikono. Akachomoa kijiti kimoja, akakipapasa, akatafuna ncha polepole. Kisha akakisukuma kitita mpaka kikaangukia miguuni mwa baba mdogo.

"Hii ni ya miti yangu," akasema. "Ulikuwa unakata nikiwa nimefungiwa?"