Maji ya Ndama Niliyamwagia Makaa

Makosa yalikuwa yangu. Nasema mapema kabla hujafika katikati ukaanza kunitafutia visingizio. Mke wangu amenitafutia vya kutosha na mimi nimevichoka.

Mimi ni mwalimu. Miaka ya tisini nilikuwa nafundisha ufundi wa friji na mitambo ya kupoza hewa katika chuo kimoja Nairobi, nikiwa nimepanga nyumba Kitengela. Kwetu ni magharibi. Kazi niliijua, lakini kila nafasi ya kupanda cheo ilipotokea, ilichukuliwa na mwenye shahada ya pili. Nikaamua na mimi nirudi shule. Utafiti wangu niliuchagua mwenyewe: jinsi ya kupoza maziwa mahali ambapo stima haijafika.

Wazo lilikuwa zuri jamani! Hilo sitalikana. Unajenga kibanda, kuta zake ni wavu wa kuku mara mbili, na katikati ya wavu unajaza makaa. Juu unapitisha paipu yenye matundu, maji yanadondoka polepole ili makaa yabaki yamelowa. Upepo mkavu ukipita kwenye yale makaa, ndani kunakuwa na baridi ya kushangaza. Huhitaji stima wala gesi. Na Kajiado upepo mkavu haujawahi kuwa haba.

Nilielekezwa kwa mama mmoja aliyeishi mbali kidogo na mji wa Kajiado. Nitamwita Mama Nashipai, ingawa silo jina lake. Alikuwa anauza maziwa sokoni, na mara nyingi jua lilimwahi kabla hajafika. Nilimsalimu kwa Kimaasai nilichokuwa nimefunzwa njiani, "Takwenya," naye akaitikia, "Iko," kisha akacheka matamshi yangu. Kibanda kilipokamilika alikizunguka akiwa ameshika kiuno.

"Sasa hii ni nyumba ya maziwa," akasema. "Maziwa inalala kwa baridi, na mimi nalala kwa moshi. Haya!"

Siku hiyo, kabla sijaondoka, alinishika mkono akanipeleka kwenye zizi dogo la ndama. Akanionyesha ndama jike, mwekundu, mwenye baka jeupe usoni.

"Hii ni yako. Itakaa hapa na mamake, lakini ni yako."

Kama hujaishi karibu na Wamaasai, huenda usielewe uzito wake. Mtu akikupa ndama, majina yenu ya zamani mnayaweka kando. Yeye anakuita Paashe, na wewe unamwita Paashe, yaani mtu tuliyepeana ndama, na mnaitana hivyo mpaka uzeeni. Mimi niliyekuja na vipimajoto kwenye mfuko wa karatasi nikawa mtu wa boma lile. Mke wangu alinitania kwamba sasa nitaanza kwenda kazini na shuka. Moyoni nilifurahi sana.

Sharti nililompa Paashe lilikuwa moja tu. Makaa yasikauke, maana yakikauka hata siku moja, vipimo vyote vinaharibika na tunaanza upya.

"Haitakauka," akasema. Na alipokubali jambo, mama yule, lilikuwa limekwisha.

Halafu mvua ikakataa kunyesha.

Mzee wa boma akachukua ng'ombe, akaenda nao upande wa Rombo kutafuta malisho. Mama Nashipai akabaki na ng'ombe mmoja wa kukamwa na ndama wetu. Unajua alimbakiza kwa nini? Ili kibanda changu kisikose maziwa ya kupoza! Kisima cha karibu kilikuwa kimekauka. Punda alitoka asubuhi kwenda kutafuta maji mbali, akarudi jua limeshuka, amebeba mitungi michache. Hayo maji ndiyo ya kupika, ya kunywa watu, ya mifugo, na ya makaa.

Jumamosi moja nikafika. Makaa yalikuwa yamelowa vizuri, yanadondosha matone. Ndani ya kibanda kulikuwa na kibuyu kimoja tu cha maziwa, peke yake, nyumba nzima ikikipoza. Nikasoma kipimajoto na moyo ukaruka kwa furaha, kwa sababu baridi ile ilipita hata nilivyotarajia. Nilipogeuka nikamwona ndama. Alikuwa amelala kando ya ua, mbavu zinahesabika, hata nzi hawafukuzi.

"Amekunywa leo?" nikauliza.

"Kidogo. Hii nyumba yako inakunywa kushinda ng'ombe, Paashe." Alisema akitabasamu, lakini midomo yake ilikuwa imepasuka. "Wewe ulisema makaa isikauke."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, "Mama, acha yakauke." Maneno machache tu! Yalifika kooni. Lakini nikafikiria kuanza upya, nikafikiria msimamizi wangu chuoni na wale vijana waliokuwa wananipita cheo.

"Vumilia kidogo tu, Paashe," nikasema. "Nakaribia kumaliza."

Nilimwambia hivyo mwanamke aliyekuwa anagawa maji kwa kikombe. Halafu nikarudi Kitengela, nikaoga.

Niliporudi kule, zizi dogo lilikuwa tupu. Mama Nashipai alinipokea mlangoni akanishika mikono yote miwili.

"Pole, Paashe. Ndama yetu ilishindwa."

Yeye ndiye aliyeniambia mimi pole! Na makaa yalikuwa yamelowa. Nikasoma kipimajoto, nikaandika, nikaaga. Mpaka hapo bado nilikuwa Paashe wake.

Mvua iliporudi niliitwa nieleze matokeo katika ukumbi wa kanisa mjini Kajiado. Walikuja maafisa wa mifugo, wafadhili na watu wa vikundi vya akina mama. Nilimwalika Mama Nashipai awe shahidi wangu. Alikuja na shanga zake za sherehe, akaketi mstari wa mbele. Alisimama akaeleza jinsi maziwa yalivyokaa bila kuharibika, watu wakapiga makofi. Hakutaja punda. Hakutaja ndama. Nadhani aliniachia hayo niyaseme mwenyewe, kwa sababu yalikuwa yangu.

Afisa mmoja wa mifugo akanyoosha mkono kutoka nyuma.

"Mwalimu, kitu ni kizuri. Lakini maji je? Wakati wa kiangazi hiki kibanda kinalishwa maji kutoka wapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelitazama kwa macho yangu likilala kando ya ua. Wafadhili walikuwa wameshika kalamu.

"Maji si shida," nikasema. "Boma lina punda."

Ukumbi ukacheka. Mimi pia nikacheka, Mungu anisamehe! Mama Nashipai hakucheka. Alinitazama kwa muda, kisha akainamisha kichwa akatazama viganja vyake, vile vilivyofunga na kufungua kamba za mitungi kiangazi kizima.

Nje alinipa mkono. "Sere, mwalimu," akaniaga.

"Paashe," nikamwita.

"Safari njema, mwalimu. Asante kwa nyumba."

Shahada nilipata. Cheo nilipata, na ofisi yenye mtambo wa kupoza hewa ambao siuwashi. Vibanda kama kile vilijengwa vingine, na sijawahi kuwa na ujasiri wa kwenda kuuliza akina mama wa huko wanavilisha nini kiangazi kikija.

Miaka ilipita, tukaingia elfu mbili. Dhamiri ikanichosha mpaka nikanunua ndama jike Kitengela, nikampeleka kwa gari la kukodi. Kile kibanda kilikuwa kimegeuka cha kuku, makaa yamekwisha kupikiwa chai. Mama Nashipai alikuwa amezeeka. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai ya maziwa, akampapasa yule ndama mgongoni.

"Ashe oleng, asante sana, mwalimu. Ndama ni mzuri. Nitamchunga."

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, mbona huniiti Paashe? Hata leo nimekuletea ndama!"

Akaweka kikombe chini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Paashe alikuwa hapa, akaona vile maji ilikuwa shida," akasema. "Wewe ulisimama kule kanisani ukasema si shida. Sasa mimi nitajuaje kama ni mtu mmoja?"

Nikamaliza chai nikaondoka.

Wewe kijana unayekwenda mashinani na vipimo vyako, nisikilize. Ukiulizwa swali na unajua jibu, litoe, hata kama linabomoa kazi yako yote, hasa kama aliyelipia jibu hilo ameketi mbele yako. Ndama unaweza kununua mwingine. Mimi nilinunua, na haikusaidia kitu.

Bado nafundisha. Kuanzia asubuhi mpaka jioni wanafunzi, walinzi, hata mama wa kantini, wananiita kwa heshima, "Mwalimu! Mwalimu!" Kila mara nageuka, na kila mara nasikia ile sauti ya nje ya ukumbi ikiniaga.