Picha Tatu Zilizopigwa Ndani ya Duara la Mabula

Usiniambie nilikuwa usingizini au nimelewa. Ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri, jua la Runzewe linawaka kwelikweli, nami nilikuwa nimetoka misa ya pili na kula chakula changu nikashiba. Hatukuwa gizani. Mama Doto, niliyekuwa naye siku hiyo, yupo hai, anafundisha sekondari. Kamuulize ukitaka, ingawa sidhani kama atakujibu.

Mimi ni mpiga picha, na watu wananiita Fundi. Kila mwisho wa mwezi tulikuwa tunakutana kwenye chumba cha nyuma cha studio yangu, watu wanne ambao simu zilishindwa kututoa kwenye filamu. Tulikuwa tunatandaza mezani picha tulizosafisha wenyewe, halafu tunazichambua bila huruma. Mwenye picha haruhusiwi kufungua mdomo mpaka wenzake wamalize.

Tulikuwa mimi na Mama Doto. Wa tatu Bwana Mabula, mwenye duara la dhahabu, yaani shimo la kuchimbia, huko machimboni, mtu mwenye ulimi wa kukufanya uchane picha yako mwenyewe. Wa nne alikuwa Minza, binti aliyekuwa akipiga picha za akina mama wanaoponda mawe. Niamini, kati yetu wote yeye ndiye aliyekuwa na jicho.

Minza alikufa ndani ya duara la Mabula. Shimo liliporomoka likamfukia yeye na kamera yake, na hakutolewa. Mabula akatangaza kwamba siku hiyo yeye alikuwa Shinyanga mjini, na kwamba binti alijipenyeza kushuka, huenda alitaka kuiba mawe. Watu wakaamini. Mama yake, mkulima wa upande wa Ushirombo, akaanza kuitwa mama wa mwizi. Msibani kwake walikwenda wachache mno.

Sasa nikwambie nililokuwa nalijua mimi. Asubuhi ya siku ile Mabula alipita kwangu kuchukua filamu, akapanda pikipiki yake akashika njia ya machimboni. Nilimwona. Kwa nini sikusema? Nyumba ya studio ilikuwa yake. Nikajiambia kwamba maneno yangu hayatamfufua mtu. Hata mimi nikijisikia nikisema hivyo nilijua ni uongo.

Mwezi wa tatu baada ya msiba tulikutana tena, sasa tumebaki watatu. Hatujaanza, mlango ukagongwa. Akaingia mwanamke amejitanda kanga mpaka kwenye paji la uso, miguu ina tope jekundu, na mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi.

"Ng'wadila," akatusalimu kwa Kisukuma. "Nimeleta picha za Minza. Naomba mzichambue kama mnavyochambua za wengine."

Alivyofanana na Minza, Mama Doto alianza kutokwa na machozi. Wote tulidhani ni ndugu yake. Tukampa pole, tukamkaribisha. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti alichokuwa akikalia Minza.

Akaweka picha ya kwanza mezani. Ilikuwa mbichi, inachuruzika maji, inanuka dawa kana kwamba imetolewa sasa hivi kwenye trei. Nikajiuliza imesafishwa wapi. Runzewe nzima chumba cha giza ni changu tu.

Ilikuwa imepigwa kutoka shimoni kuelekea juu. Duara la mwanga, na mtu ameinama ukingoni, mweusi tii.

"Nzuri hii," alisema Mama Doto. "Mpigaji yuko chini kabisa, mwanga wote ameuacha mdomoni mwa shimo."

Mabula akaivuta kwake. "Nzuri nini? Mtu hana uso. Picha ya mtu asiye na uso ni ya nini? Tena haijaoshwa vizuri."

"Subiri," alisema yule mwanamke.

Tukasubiri. Uso ukaanza kujitokeza taratibu, kama unavyojitokeza karatasi ikiwa kwenye dawa. Lakini dawa haikuwepo, na dirisha lilikuwa wazi. Kwanza macho, kisha masharubu, kisha ile kofia ya ngozi tuliyoizoea. Alikuwa Mabula.

"Bwana Mabula," Mama Doto akamuuliza kwa upole, "si tuliambiwa hukuwepo?"

"Hiyo ni ya siku nyingine," alisema, akacheka kidogo.

Mwanamke akaweka ya pili, akanigeukia mimi. "Fundi, hii ichambue wewe."

Nilijua kwamba anajua ninalolificha. Nikatazama. Magogo yanayozuia kuta za shimo, wenyewe huyaita matimba, yalikuwa yamepasuka, mipasuko mipya, myeupe.

"Matimba yamevunjika," nilisema.

"Na aliye juu anafanya nini?"

"Anaonyesha kwa mkono. Anamwambia mtu ashuke zaidi."

"Ilipigwa siku gani?"

Mabula alikuwa ananitazama, na yule mwanamke akinitazama. "Siku aliyokufa Minza," nikasema. "Asubuhi yake nilimwona Mabula akienda machimboni. Hakwenda Shinyanga."

Yule mwanamke hakunishukuru. Aliweka ya tatu mezani, na hiyo ilikuwa nyeusi yote, kona hadi kona.

"Hii si picha," alisema Mabula, amesimama. "Ni karatasi imeharibika."

"Ndiyo ya mwisho. Ishike uitazame."

Mabula aliikwapua ili aichane, nadhani. Hakuichana. Aliishika kwa mikono miwili, na vidole havikutaka kuiachia. Akaanza kusema kwa sauti ya chini, Kisukuma na Kiswahili vimechanganyika. Kwamba wachimbaji walikuwa wamegoma kushuka kwa sababu ya matimba. Kwamba alimwita Minza aje apige picha, ili wanaume waone hata binti ameshuka na waone aibu. Kwamba kuta zilipoanza kulia, badala ya kumteremshia kamba, aliivuta juu akakimbia.

"Alikuwa ananiita," alisema. "Aliniita mara mbili."

"Mara tatu," alisema mwanamke. "Ya tatu ulikuwa umeshageuka."

Mama Doto akanishika mkono. Hapo ndipo tulipoelewa tumekaa na nani.

"Mbona mmefunga dirisha?" aliuliza Mabula. "Fungueni, sioni." Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limempiga usoni.

Tulipogeuka, kiti kilikuwa kitupu, kimelowa tope jekundu. Mlango haukufunguliwa.

Mabula hajaona tena mpaka leo. Hospitali zote alikopelekwa wanasema macho ni mazima. Yuko kwa kaka yake Shinyanga, na wanaomuuguza wanasema anashinda akisikiliza mawe yakianguka, akiwaomba wamteremshie kamba. Wakimwambia yuko kitandani, hawaamini. Sikumwonea huruma, na sitakudanganya kwamba namwonea sasa.

Zile picha mbili za kwanza mimi na Mama Doto tulizipeleka polisi, tukaandika maelezo. Kisha nikaenda Ushirombo kwa mama yake Minza. Nikamuuliza kuhusu binti yake mwingine.

"Nilizaa mmoja tu," alisema.

Nikamweleza yote, na langu pia. Alinisikiliza akiwa anapukuchua mahindi. Nilipomaliza akauliza, "Walipoanza kuniita mama wa mwizi, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mayu," nilisema, nikimwita mama kwa Kisukuma.

Akaendelea kupukuchua.

Nimehama ile studio. Kila mwezi nakwenda kwake, nainama nasema shikamoo, na hajawahi kuitikia marahaba. Naweka nilichobeba, naondoka.

Wewe unayenisikiliza, kama kuna marehemu anasemwa vibaya na unaujua ukweli, kauseme leo. Usingoje aje akuulize mwenyewe mbele ya watu. Usifikiri kwamba mwenye kosa kubwa akilipa, wewe umesamehewa. Mabula alinyang'anywa macho. Mimi niliachiwa yangu, na sasa najua ni kwa nini: ili kila mwezi nimwone yule mama anavyougeuzia uso wake ukutani.